Ngoma ya Nzembi Yarudi Vilimani

Siku mafundi walipoanza kubomoa nyumba ya marehemu mama mkwe wake, Ndunge alisimama pembeni na beseni mkononi, akiokota vitu vidogo vidogo kabla havijakanyagwa. Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2003, huko Mwala, na vumbi la kuta za udongo lilikuwa limeshamjaa mpaka kwenye nyusi. Alishaokota sufuria mbili, kibuyu kimoja, taa ya chemli isiyo na kioo, na kitambaa cha kichwa kilichotobolewa na panya. Kisha fundi mmoja akatoka chumba cha ndani akiwa amekumbatia ngoma.

Ilikuwa ngoma ndefu ya gogo moja lililochongwa, ngozi yake imeshikwa na vijiti vya mti mgumu pande zote. Buibui walikuwa wamejenga ndani yake mpaka wakahama. Ndunge alikuwa hajaisikia ikilia kwa miaka karibu ishirini.

Wesley, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyekuwa akijenga nyumba mpya ya matofali mahali pale pale. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi siku za juma na mhubiri siku za Jumapili, mtu mpole, asiyepaza sauti hata kwa ng'ombe mkaidi. Alipoiona ngoma aliweka chini kamba ya kupimia msingi.

"Mama, hiyo haiwezi kuingia nyumba mpya," akasema.

"Ilikuwa ya Susu yako," Ndunge akasema, kwa jina ambalo wajukuu walimwita bibi yao.

"Najua ilikuwa ya Susu. Lakini ilikuwa ya kilumi, ya kuita pepo. Watu wa kanisa watakuja kuombea hii nyumba, halafu wapate hicho kitu kiko kwa kona? Wacha tuichome, mambo yaishe."

Ndunge hakubishana. Yeye mwenyewe alikuwa mwanakwaya tangu utoto, na tangu utoto alikuwa ameambiwa kwamba kilumi, ile ngoma ya akina mama wazee, si ya watu waliookoka. Lakini katika miaka yote aliyoishi na Nzembi, mama mkwe wake, hakuwahi kuona pepo hata mmoja akija. Alichokiona ni mwanamke mkimya aliyeketi juu ya kigoda saa za alasiri, akipiga ngoma peke yake, hakuna wa kucheza wala wa kuitikia, kisha akaiegemeza ukutani na kwenda kufungua mbuzi.

"Kama ni ya pepo sijui," alisema hatimaye. "Lakini kuchoma kitu cha mtu sitaweza. Nipe mpaka mwisho wa mwezi."

Usiku huo ngoma ililala jikoni kwake, imefunikwa gunia. Na Ndunge alipoitazama alijiona kama mtu aliyeachiwa mgeni asiyemjua. Aliolewa mwaka 1969, na Nzembi alikufa mwaka 1998. Mume wa Ndunge alikuwa mtu wa reli, akija nyumbani mara tatu kwa mwaka mpaka alipofariki, kwa hiyo wanawake hao wawili ndio walioliendesha boma. Walilima pamoja, walichota maji pamoja kwenye mchanga wa mto, walizika pamoja. Hata hivyo, kama mtu angemuuliza Nzembi alikuwa mtu wa namna gani, Ndunge angesema tu kwamba alitoka vilima vya Mbooni, kwamba aliletwa bondeni akiwa msichana kuolewa, na kwamba hakuwa mtu wa kusifu. Chakula kikiwa kizuri alikula akanyamaza. Kikiwa kibaya alikula akanyamaza vilevile, ila alinyamaza zaidi.

Ni Wendy aliyepata njia. Wendy, kitinda mimba, alikuwa akishona suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha Athi River, na alipokuja nyumbani mwisho wa juma alilifunua gunia, akaipigapiga ngoma kwa vidole.

"Mama, si kuna ile nyumba ya ngoma huko Iveti?" akasema. "Msichana mwenye tunashona laini moja alienda. Anasema kuna mama mmoja, alikuwa nesi, amekusanya ngoma zote za watu wa vilima. Ziko na majina, ziko na picha. Na Jumamosi wanapiga, watu wanaenda kusikiliza. Si tumpelekee hii?"

"Ataichukua?"

"Kwa nini asiichukue? Ni ya bure."

Basi Jumamosi iliyofuata walipanda basi la asubuhi mpaka mjini Machakos, ngoma ikiwa juu ya keria pamoja na magunia ya pojo. Mjini walipata pikapu iliyokuwa imeshusha kabichi sokoni, ikawapandisha vilima vya Iveti ikinguruma kila kona. Ndunge alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Alikuwa ameamua kwamba atakabidhi ngoma, aseme asante, arudi na basi la saa nane.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani la kahawa. Bei ilipoanguka, wakulima wengi walikata mikahawa yao wakapanda mboga, na ghala likabaki tupu mpaka mama huyo alipolikodi. Kuta za mawe zilikuwa zimepakwa chokaa, mabati yamerekebishwa, na juu ya mlango palikuwa na ubao ulioandikwa kwa mkono: NYUMBA YA NGOMA ZA VILIMA. Mbele yake ilitandazwa ile sakafu kubwa ya saruji iliyokuwa ya kuanikia kahawa, imezungushiwa mabenchi. Ng'ambo ya korongo, mbele kabisa ya sakafu hiyo, ulisimama mwamba mkubwa uliokwenda juu wima, mweusi kwa maji ya mvua za miaka.

Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alitoka akijifuta mikono kwa kanga.

"Karibuni, karibuni. Mimi ni Mutindi. Mmetoka mbali, naona miguu imejaa vumbi jekundu. Hiyo ni ya Mwala au ya Yatta?"

"Ni ya Mwala," Ndunge akasema, akicheka bila kutaka. "Tumekuletea ngoma."

Mutindi hakuitazama ngoma kwanza. Aliwatazama wao, akawapa viti, akawaletea chai ya maziwa, akauliza habari za mvua na za mifugo. Ndipo akapiga magoti sakafuni kando ya ngoma, akaisikiliza kama nesi anavyosikiliza kifua cha mtoto. Alipitisha kiganja juu ya ngozi. Alinusa ndani yake.

"Hii ni ya Mbooni," alisema. "Si ya bondeni. Tazama hivi vijiti, vimepigwa viwili viwili. Ni nani alikuwa anaipiga?"

"Mama mkwe wangu. Nzembi."

"Alikuwa anapiga nini?"

"Ngoma tu."

Mutindi alivua miwani. "Mama, nitakuambia sheria ya hapa, usikasirike. Hapa siweki ngoma bubu. Ngoma ambayo hakuna mtu anajua ilikuwa inasema nini, hiyo ni kuni. Niliona nyingine huko mjini kwa hoteli, zimepangwa kwa ukuta kama mapambo, watalii wanazipiga picha, hakuna mtu anajua hata moja ililia namna gani. Nikasema mimi sitafanya hivyo. Kwa hiyo lazima uniachie pigo lake hata moja."

Ndunge aliweka kikombe chini. "Mimi ni mtu wa kanisa. Sikuwahi kuigusa."

"Basi usijali. Tembea kwanza. Kunywa chai, tembea, alasiri utasikia wenzako wakipiga. Kama hakuna kitu kitakuja, utaenda nayo nyumbani, na tutabaki marafiki."

Wendy alimtazama mama yake, akaona basi la saa nane limeshapotea.

Waliingia ghalani. Ndunge alikuwa ametarajia chumba cha vumbi na vitu vya kale vilivyotupwa ovyo, lakini alipovuka kizingiti alisimama. Ngoma zilikuwa nyingi, labda sitini, zimewekwa juu ya zile meza ndefu za waya zilizokuwa za kukaushia kahawa, kila moja na kadi yake yenye jina la mpigaji, kijiji chake, na maneno machache. Alisoma moja: *Huyu alipiga akiwa amefunga macho, akasema macho yanakula sauti.* Nyingine: *Ngoma hii ilikuwa mzinga wa nyuki. Nyuki walihama, mwenyewe akasema mzinga usipotee bure.* Ndunge aliinama akanusa, na kweli, harufu ya nta ilikuwamo bado. Kulikuwa na zeze lililotengenezwa kwa kopo la mafuta ya kupikia, na njuga za chuma zilizofuliwa na mhunzi kutoka kwa springi ya lori. Kulikuwa na filimbi ya refa, ambayo kadi yake ilieleza kwamba mwenyewe aliitumia kuchezesha densi kwa miaka thelathini na hakuwahi kuchezesha mpira hata siku moja.

"Hizi zote ulizitoa wapi?" Ndunge aliuliza.

"Nikichanja watoto," Mutindi akasema. "Miaka ishirini na minne nilipanda hivi vilima na kisanduku cha barafu cha chanjo upande mmoja, redio ya kurekodi upande mwingine. Mbooni, Kilungu, Mua, hapa Iveti. Mtoto akishadungwa analia, si ndiyo? Bibi yake anamwimbia anyamaze. Mimi nabonyeza kitufe. Nilikuwa na wakubwa waliosema napoteza betri za serikali. Nilikuwa nanunua betri zangu mwenyewe."

Alifungua kabati. Ndani yake, katika makopo ya majani ya chai, zilipangwa kanda za kaseti mia kadhaa, kila moja na tarehe na jina la kilima. Ndunge, ambaye alikuwa akiimba katika kwaya miaka arobaini bila mtu kuandika hata jina la wimbo mmoja, alishika kopo moja kwa mikono miwili kama anavyoshika sahani ya sadaka. Alifikiria miguu ya mwanamke huyu mfupi juu ya mawe yale yote. Akasema tu, "Ulifanya kazi."

"Nilicheza," Mutindi akasema. "Kazi ilikuwa ile sindano."

Kwenye ukuta wa mwisho palikuwa na picha. Nyingi zilikuwa za Mutindi mwenyewe, lakini chache zilikuwa kuukuu, za watu waliompa azitunze. Ndunge alizipita taratibu, akarudi nyuma hatua mbili. Katika picha moja wasichana kama kumi walisimama kwenye ukingo wa kilima, shanga shingoni, na katikati yao mmoja mrefu alikuwa na ngoma kati ya magoti, kichwa amekirusha nyuma, anacheka meno yote nje.

"Mama," Wendy akanong'ona, "huyo si Susu?"

Ndunge alisogea karibu na ukuta. Ile pua aliijua. Hata yale masikio aliyajua, kwa sababu Wesley alikuwa nayo. Lakini kile kicheko hakuwahi kukiona.

Mutindi alikuja, akaigeuza picha nyuma. "Mbooni, kabla ya njaa ya arobaini na tisa. Aliyenipa alisema huyu wa katikati alikuwa akipiga, watu wa vilima vitatu walikuwa wanakuja. Halafu akaolewa bondeni na hakuna mtu alimsikia tena. Nimemtafuta miaka kumi na tano. Jina walinipa moja tu la utani." Alimgeukia Ndunge, picha ingali mkononi. "Kumbe alikuwa kwako?"

"Alikuwa kwangu," Ndunge akasema.

Alasiri ilipofika, watu walianza kujaa kwenye mabenchi. Walikuwepo akina mama waliotoka mashambani, walimu, familia moja ya kutoka Syokimau na watoto wao, wazee wawili wenye fimbo. Uani palipikwa muthokoi katika sufuria kubwa, yale mahindi yaliyotwangwa yakaondolewa maganda na kuchanganywa na maharagwe, na kila mgeni alipewa sahani. Kisha wapigaji wakatokea. Kiongozi wao aliitwa Ndeti, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ambaye siku nyingine alishona viatu karibu na stendi ya mabasi. Aliwapa mkono wote waliokaa mbele, mmoja mmoja, na kwa Ndunge aliinama akasema, "Mwaitu," kama mtu anavyomwita mama yake mzazi.

Walianza na za kuchezea. Vijana walirukaruka wakajipindua hewani, filimbi ikalia, watoto wa Syokimau wakapiga makelele ya furaha. Ndunge alifurahi kama wengine. Kisha vijana wakatoka, akina mama watano wakaingia kwa mwendo wa taratibu, na Ndeti akageuza kigoda chake, akawapa watu mgongo kidogo, akaukabili mwamba wa ng'ambo.

Alipiga mapigo matatu mepesi, mawili mazito, akainua mikono. Kimya. Na kutoka ng'ambo ya korongo mwamba ukajibu, mawili mazito, wazi kabisa, kama kwamba kulikuwa na mtu mwingine amekaa kule na ngoma yake. Sauti haijaisha, Ndeti akaipokea, matatu mepesi, mawili mazito, mikono juu, na mwamba tena. Akina mama walicheza katika zile nafasi. Mabega yao hayakutikisika Ndeti alipopiga. Yalitikisika mwamba ulipojibu.

Ndunge alijivuta mbele kwenye benchi.

"Watu wa bondeni wanaitikiana wao kwa wao," Mutindi alimwambia sikioni. "Watu wa vilimani walikuwa wanaimba na vilima vyenyewe. Ndiyo maana nilikodi hapa, hata kama paa lilikuwa linavuja. Ni kwa sababu ya huo mwamba."

"Alikuwa anangoja," Ndunge akasema.

"Nani?"

"Nzembi. Alikuwa akipiga, halafu anaacha. Anainua mikono hivi hivi. Mimi nilidhani amesahau. Nilidhani ni uzee. Kule kwetu hakuna mwamba, ni tambarare mpaka mtoni. Alikuwa akiacha nafasi na hakuna kitu kinakuja." Macho yake yakapanuka. "Hapana. Kulikuwa na kitu kinakuja."

Mutindi alimshika mkono. "Sema."

"Kuna kinu hapa?"

Kinu kilikuwepo jikoni, kile cha muthokoi, na mchi wake ukiwa bado na unyevu. Wendy na mama mmoja wa jikoni walikibeba mpaka katikati ya sakafu, watu wakitazamana wasijue kunatokea nini. Mutindi aliwaambia kwa maneno mawili matatu: mgeni kutoka Mwala ana pigo la Mbooni, na ataonyesha anavyojua. Ngoma ya Nzembi ilikuwa imeota moto wa jikoni tangu mchana, kwa kuwa Ndeti alikuwa ameiona akaona haya kuiacha baridi, na ngozi ilikuwa imekaza. Akaichukua kati ya magoti.

Ndunge alivua viatu vya kanisani. Alitia mahindi kidogo kinuni, akayanyunyizia maji, akashika mchi. Mikono iliujua upesi kuliko alivyofikiri. Alianza kutwanga, na Ndeti akajaribu kumfuata, akipiga kila mchi uliposhuka.

"Hapana, mwanangu," Ndunge akasimama. "Usinifuate mimi. Wewe enda. Mimi ndiye ninakufuata. Piga mawili mepesi, matatu mazito, na moja la mwisho lichelewe kidogo, kama mtu anayevuka mto. Halafu uache."

Ndeti alipiga hivyo. Aliacha. Mchi wa Ndunge ukaanguka ndani ya ile nafasi, *ndu, ndu, ndu*, na la mwisho likachelewa. Ndeti aliinua kichwa. Alipiga tena, mchi ukajibu tena. Mara ya tatu hakuna aliyehitaji kufikiri. Mapigo yalizunguka kama maji katika mtungi, kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye kinu, na nyuma yao mwamba ukavipokea vyote viwili ukavirudisha, ngoma na mchi pamoja. Akina mama watano waliokuwa wamesimama walianza kucheza bila kuitwa. Mzee mmoja mwenye fimbo alitoa mluzi mrefu. Wendy alikuwa amefunika mdomo kwa mikono.

Ndunge alitwanga, na huku akitwanga aliiona miaka kumi na mitano ya kwanza ya ndoa yake. Kila alasiri yeye alitwanga chini ya kivuli cha jiko, Nzembi akatoa kigoda. Aliamini ni desturi tu ya mzee, kwamba kelele ya kinu ilimkera akaamua kuifunika kwa kelele nyingine. Hakuwahi kugundua kwamba yeye alikuwa ameubadilisha mwendo wa mchi ili uangukie pale. Walipiga pamoja miaka kumi na mitano, na mmoja wao hakujua.

Kisha akakumbuka mwaka mashine ya kukoboa mahindi ilipofika sokoni. Ndunge alifurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba, akapeleka debe la kwanza, akarudi nalo limekobolewa kwa dakika kumi. Jioni ile Nzembi aliuliza, "Kinu kiko wapi?" Ndunge alimjibu kwa ukali kwamba mikono yake si ya punda, kwamba amechoka, kwamba kama mama anataka kutwanga atwange mwenyewe. Nzembi hakusema neno. Kesho yake ngoma haikutoka nje, wala kesho kutwa, wala tena.

Mchi ulisimama. Ndunge aliuegemea akalia mbele ya watu wote wale, nguo yake ya kanisani imejaa maganda ya mahindi, na watu waliokuwa wakipiga makofi wakadhani ni furaha, wakazidisha. Mutindi pekee ndiye aliyeona. Alikuja akasimama naye bega kwa bega mpaka akamaliza.

"Aliniuliza kinu kiko wapi," Ndunge akamwambia. "Nikamtukana."

"Hukujua."

"Angesema!"

"Angesema nini?" Mutindi akauliza kwa upole. "Watu kama wale maneno yao yote yalikuwa hapo kwa ngozi. Lakini kumbuka alikaa na wewe kwa ile nafasi miaka yote hiyo. Mwenye masikio kama yake hangepiga na mtu mbaya hata siku moja. Ninakuambia kweli, nimerekodi wapigaji mia tatu."

Kadi iliandikwa jioni ile ile. Mutindi aliandika *Nzembi wa Mbooni*, kisha akauliza jina la pili, na Ndunge hakuelewa. "Pigo hili linapigwa na wawili," Mutindi akasema, akaandika, *na Ndunge wa Mwala, kinu*.

Wesley aliposimuliwa aliacha kijiko katikati ya sahani. Hakusema kwamba alikosea, na Ndunge hakumtaka aseme. Alichouliza ni kama picha ile inaweza kuonwa na mtu yeyote. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi alipanda Iveti peke yake na tai shingoni. Mutindi alieleza baadaye kwamba alisimama mbele ya kile kicheko cha Susu yake saa nzima, akaondoka bila kungoja ngoma ianze, lakini kabla ya kuondoka alirekebisha bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea. Ngoma yenyewe hakuigusa. Nyumba ya matofali ilipoombewa, watu wa kanisa walikula wakashiba, na hakuna aliyeuliza chochote.

Ndunge alianza kupanda Iveti kila mwisho wa mwezi. Na mwezi wa kumi na mbili, Mutindi alipoalikwa kupeleka wapigaji wake Mbooni kwenye harusi, alimwambia aje na mchi.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kule. Vilima vilikuwa vimepandana, kijani, na ukungu ulikuwa bado katika mabonde ingawa ni saa nne asubuhi. Walipopiga lile pigo la Nzembi uwanjani, bikizee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka alianza kujitahidi kusimama. Wajukuu walimshika, akawasukuma. Jina lake lilikuwa Kamanthe. Alikuja mpaka kwenye kinu, akafungua mdomo, akaimba kwa sauti nyembamba isiyotetemeka. Ndipo wote, Mutindi na kanda zake zote, walipojua kwamba pigo lile lilikuwa na maneno. Yalikuwa maneno ya wasichana walioteka maji katika chemchemi mbili za vilima viwili, wakiulizana alfajiri:

*Wewe wa ng'ambo, umeamka?*
*Umeamka na nani?*
*Mzigo wako ni mzito?*
*Nisubiri, nakuja.*

Mutindi alibonyeza kitufe cha redio yake.

Wimbo ulipokwisha Kamanthe alikataa kurudi kwenye mkeka. Alimshika Ndunge mkono, akamvuta mpaka kivulini, akakaa naye chini, goti kwa goti. Huko uwanjani bwana harusi alikuwa akiitwa, watu wakishangilia.

"Alikuwa rafiki yangu," mzee akasema. "Tuliapa urafiki kwa alama tuliyochora kwenye jiwe moja, yeye na mimi. Walimpeleka bondeni asubuhi, sikumwona tena. Niambie. Alizaa wangapi?"

"Watano. Watatu waliishi."

"Alikula vizuri?"

"Kulikuwa na miaka ya njaa. Lakini alikula."

"Walimpiga?"

"Hapana. Hakuna aliyempiga."

"Alicheka?"

Ndunge alitazama mikono yao. Angeweza kusema ndiyo, na mzee angefurahi. "Sikumwona akicheka," alisema. "Lakini nitakuambia alivyokuwa, yote, hata ile siku niliyomkosea. Una nafasi?"

Kamanthe alivuta shuka mabegani, akajiweka sawa mgongo ukiegemea ukuta, kama mtu aliyefika alikokuwa akienda. "Anza na siku alipofika kwenu," akasema. "Alikuwa amevaa nini?"

Gari la Mutindi lilipiga honi mara mbili jioni ile kabla Ndunge hajafika hata nusu ya masimulizi yake.